KUTAKA NI KUWEZA?

Tangu mwezi wa tatu wa mwaka 2025 watu wanatuuliza ni kitu gani kilitokea katika njia ya ziwa siku ile ya posho. Kila mtu ameisimulia kwa namna yake. Kuna waliosema tulipigana. Kuna waliosema mwenzetu alilogwa, na wengine kwamba alimeza dawa ya kupata nguvu. Tulisikia hata kwamba alikufa akafufuka pale penye ukingo wa maji. Sisi tuliokuwa naye tulinyamaza, sababu tulikuwa na haya. Sasa tuko kilasi ya mwisho, na mwenzetu mwenyewe ndiye aliyetuambia: "Muandike. Lakini muandike vile ilikuwa, hapana kusaidia mutu." Majina hatutii. Masomo yote inatujua.

Tulikuwa wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Neno la jeshi liliingia katika vichwa vyetu zamani kidogo. Tarehe 3 Novemba 2022, wakati Rais wa Jamhuri aliposema katika redio na televisheni kwamba vijana waingie jeshini kwa wingi juu ya vita vya Kivu, tulikuwa tungali wadogo, kilasi ya kwanza ya humanités. Tulisikia namna vijana wa Goma walivyojitokeza wengi kuandikwa, na sisi tukacheza basoda nyuma ya jiko la enternati kwa vijiti vya mihogo. Ilikuwa mchezo tu.

Kisha ikafika mwisho wa Januari 2025. Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu nayo. Mmoja wetu ana tantine yake Goma. Siku tano simu yake haikupita. Kila usiku, kisha etidi, tulikuwa tunakaa katika kitanda cha mwenzetu tukiangalia telefone moja yenye kioo kilichovunjika, na yeye anapiga, anapiga, ile sauti ya mama wa kampuni inajibu tu kwamba namba haipatikani. Siku ya sita tantine akajibu. Alikuwa hai, na watoto. Alisema maneno machache, akakata sababu ya inite. Usiku ule ule tulipeana mikono sisi wanne: tukimaliza Egzeta ya Serikali, na kila mmoja akiwa na miaka yake 18, sababu sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza kuandika aliye chini ya hiyo, tunaenda kuandikwa.

Msifikiri tulifanya hivi juu ya kukosa kazi. Wengine wanasema hivyo juu ya kila kijana anayetaka jeshi. Inawezekana kwa wengine. Kwetu ilikuwa sauti ya yule tantine.

Hapa Kapolowe basoda si watu wa mbali. Tunaona magari yao yakipita katika barabara kubwa kwenda upande wa Likasi, na kila mtoto wa hapa amesikia habari ya kambi ya Mura. Tena mwenzetu, yule wa njia ya ziwa, yeye anatoka katika jamaa ya basoda wa kale. Baba wa babu yake alikuwa Force Publique. Alitembea mpaka Abisinia, alikuwa Saïo mwaka 1941, mwezi wa saba, wakati Waitalia walipojitoa mikononi mwa basoda wa Kongo. Mwenzetu aliisimulia hiyo habari mara nyingi katika enternati, na tulipenda kuisikia: mtu wa Katanga anavuka Kongo nzima, anapita katika maji ya Nili, anavuka Sudani, na mwisho jenerali mzungu anatoa silaha. Hakusimulia sana upande mwingine. Kule wabeba mizigo walikufa wengi kwa ugonjwa na kwa kukosa chakula, na basoda wenyewe walipigwa na beriberi, ile inayovimbisha miguu wakati mtu anakosa vitamini. Risasi haikuwa adui wa kwanza. Lakini sisi tulitaka ile ya jenerali.

Basi mmoja wetu akachukua makala, akaandika juu ya ukuta wa enternati, karibu na mlango, herufi kubwa: KUTAKA NI KUWEZA. Ni neno la Wafaransa, kila mwalimu amekwisha kulisema mara mia. Direkta wa disipline alituuliza nani aliandika, tukanyamaza, akaacha, sababu neno lenyewe lilimpendeza.

Kwanza tuseme juu ya mwenzetu wa miwani, sababu inachekesha, na pia inahusu. Yeye haoni mbali. Bila miwani, mbuzi na mtoto ni kitu kimoja kwake. Alisikia kwamba watapima macho. Akaenda katika dispansere ambapo kuna ile karata ya herufi ukutani, akakaa pale kila siku kwa sababu ya kichwa kinachouma ambacho hakikuwa kinauma, akaijifunza yote kwa moyo, kutoka juu mpaka herufi ndogo za chini. Akatusomea katika giza bila kosa. Tulipiga makofi! Tulisema: ona sasa, huyu ndiye mwenye nia. Msichana wetu peke yake aliuliza: "Na adui? Yeye pia atasimama mu ile mustari ya herufi?" Tukamwambia anyamaze.

Yeye, msichana, ndiye tuliyefikiri ataanguka wa kwanza. Ni mfupi, haleti kelele. Alikuwa anakimbia nyuma yetu kwa mwendo wake mmoja, hauongezeki, haupungui, na alikuwa anabeba chupa ya maji katika kitambaa mgongoni. Tulimcheka juu ya chupa. Tulikuwa tumesikia, hatujui wapi, kwamba soda wa kweli anakimbia bila maji, kwamba maji yanalegeza tumbo. Tunaandika neno hili hapa makusudi, sababu tunajua wengine wangali wanaliamini.

Kanuni zetu zilikuwa tatu. Kuamka saa kumi na moja ya asubuhi. Kukimbia toka masomo mpaka ziwani Tshangalele na kurudi, kila posho, bila kutembea hata hatua moja. Na anayetembea anaitwa bukari baridi mpaka posho nyingine. Sasa inaonekana kama ujinga mdogo, lakini katika enternati yenye vijana wengi, kuitwa bukari baridi mezani, mbele ya watu wa kilasi ya chini, siku saba, hapana, si neno dogo. Sisi wenyewe tuliogopa hilo jina kuliko tulivyoogopa M23.

Siku ile ilikuwa posho ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imekatika siku tatu, na mnajua jua la hapa kati ya mvua mbili, linavyotoka likiwa na hasira. Tulichelewa kutoka, sababu kulikuwa na kazi ya kufyeka majani. Mwenzetu alikuwa ametoka katika homa ya malaria juma lile. Alimaliza vidonge siku ya nne. Asubuhi hakula. Alisema hana hamu. Tulijua hayo yote. Hatuwezi kusema hatukujua.

Kwenda ilikuwa vizuri. Tulifika ziwani, wavuvi walikuwa wanatoa mitumbwi, wakatupungia mikono. Tuligusa maji kama kawaida yetu, tukageuka. Katika kurudi njia inapanda. Pale penye kupanda ndipo mwenzetu alisema mara ya kwanza: "Banduku, miguu yangu inakuwa muzito." Tukamjibu kwa wimbo. Kidogo mbele akasema tena: "Haiko miguu yangu hii." Hatukuelewa neno hilo, tulicheka. Mmoja wetu akapiga kelele: "Ni kichwa ndjo inachoka, hapana miguu! Kutaka ni kuweza!" Na wote tukaitika. Mara ya tatu hakusema juu ya miguu. Alisema: "Muniache kidogo." Sisi wawili tukarudi nyuma yake, tukatia mikono mgongoni mwake, tukamsukuma.

Tulifikiri tunamsaidia. Tunalisema hilo si kwa kujitetea. Tulifikiri nguvu ni kitu ambacho wengi wanaweza kumpa mmoja, kama vile gari lenye betri linavyowasha gari lisilo na betri.

Akapiga magoti. Kisha akakaa. Hakulia, hakutetemeka, misuli haikukaza kama inavyokaza kwa mtu wa balon. Alikuwa anasema vizuri kabisa, kwa sauti yake ya siku zote: "Mutangulie. Nakuja." Na kwa sababu alikuwa anasema vizuri, tulisema anajifanya. Mmoja wetu alimvuta mkono. Msichana akafika na chupa yake. Akasema: "Muache." Tukabishana naye. Tulibishana pale katika jua, mwenzetu amekaa katikati yetu kama kitu ambacho watu wanagombania bei yake sokoni, dakika tano, labda zaidi. Hizo dakika ndizo tunazoziona usiku.

Alipotaka kusimama miguu ikakataa. Ndipo tukaogopa.

Alipita baba mmoja anasukuma kinga yake, vitunga viwili vya samaki nyuma, anaenda kuuza lagare. Hakuuliza maneno mengi. Alifungua kamba, akatia vitunga katika majani chini ya mti, akamkalisha mwenzetu juu ya kinga, akasema: "Mumoja ashike uku, mumoja ule upande. Tembea." Tulifika dispansere, na yeye akarudi zake kwa samaki. Saa ngapi alizikuta, na katika hali gani, pamoja na jua lile na mbwa, hatujui. Hatukumuuliza jina. Tumemtafuta lagare mara mbili bila kumpata. Kama kuna anayesoma hapa ambaye baba yake alisimulia jambo hili, atuambie.

Mama munganga wa dispansere alimlaza, akauliza kwanza: "Mulimupatia mayi?" Tukasema, kidogo, mwisho. "Alisema anachoka?" Tukaangaliana. "Muko batoto gani, nyinyi?" Akamtia serumu. Akamwomba mkojo, na mkojo ulitoka mweusi kama kahawa. Hapo uso wa mama ulibadilika. Baadaye alitueleza, na mwalimu wetu wa biolojia alieleza zaidi: misuli ikiteswa kupita kiasi inavunjika, na vipande vyake vinaingia katika damu, na figo zinapojaribu kuvichuja zinaziba. Mtu anaweza kufa, si kwa moyo wala kwa miguu, lakini kwa figo, siku mbili au tatu nyuma, wakati wenzake wamekwisha sahau mbio zenyewe.

Walipima damu yake kwa ile tesi inayoitwa Emmel. Ikatoka pozitifu. Tesi hiyo inaonyesha tu kwamba damu ina ile hali ya kupinda. Haisemi kama ni SS au AS. Ili kujua lazima electrophorèse, na damu ilipelekwa Lubumbashi. Yeye walimpeleka Likasi, akalala hospitali siku tisa. Siku hizo tisa hatukukimbia. Tulisema kati yetu kwamba yeye hawezi kuwa SS, sababu hajapata zile maumivu ya mifupa tangu utoto, lakini tulisema kwa sauti ya mtu anayepita makaburini usiku.

Siku ya tatu baba yake alifika masomo. Ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Tulimsimamia wote watatu katika uwanja. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kama watu wazima. Kisha akauliza:

"Alibaambia anachoka?"

"Ndiyo, Baba."

"Mara ngapi?"

Hatukuwa tumepanga kujibu pamoja, lakini tulijibu pamoja: "Tatu."

Akainamisha kichwa mara mbili, tatu, kama mtu anayehesabu. Akasema, "Bien." Akaenda kuchukua vitu vya mtoto wake katika enternati, na akapita karibu na ukuta wenye maandiko yetu. Hatujui kama aliyasoma. Jioni ile ile tulichukua maji na majani tukaufuta ukuta. Makala haitoki vizuri katika chokaa. Mkiangalia, mnaweza kuona KUTA mpaka leo.

Jibu la Lubumbashi lilikuwa AS. Yaani si mgonjwa. Amepokea kwa mzazi mmoja damu ya kawaida, kwa mwingine ile ya S. Mwalimu wa biolojia alichukua saa nzima kutufundisha, na tunataka ninyi wa kilasi za chini mlisikie. Katika Kinshasa walipima watoto zaidi ya 31,000 waliozaliwa, wakaona karibu 17 katika kila mia ni AS, na zaidi kidogo ya mmoja katika mia ni SS. Ikiwa hesabu ni karibu na hiyo kwa sisi wa hapa, basi katika lokale moja ya wanafunzi 40 kuna sita au saba wenye AS, wanacheza balon, wanachota maji, hawajui. Na hawana sababu ya kuogopa katika maisha ya kila siku. Chembe nyekundu yenye S inakaa sura yake nzuri ya mviringo. Lakini mtu akijilazimisha mpaka mwisho kabisa, na jua, na kiu, na homa ambayo haijamaliza kutoka, hewa inapungua ndani ya misuli, na zile chembe zinapinda kama mwezi mchanga, zinashikamana, zinafunga njia ndogo za damu. Miguu inakufa chini ya mtu wakati kichwa kingali kinasema vizuri. Hiyo ndiyo maana ya "haiko miguu yangu hii." Alitueleza ugonjwa wake kwa maneno manne, sawa kama dokta, na sisi tukacheka.

Mwalimu alituletea pia habari ya jeshi la Marekani, sababu wao waliyaona haya kwa mauti ya watu wao. Kati ya mwaka 1968 na 1969, katika kambi ya Fort Bliss, Texas, vijana weusi wanne wenye AS walikufa katika mazoezi ya kwanza ya jeshi. Ile kambi iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,200. Sisi hapa tumepita 1,000. Baadaye walihesabu vijana wote walioingia jeshi toka 1977 mpaka 1981. Mwaka 1987 wakatangaza kwamba mweusi mwenye AS alikuwa katika hatari ya kufa ghafula katika mazoezi karibu mara 28 kuliko mweusi asiye nayo. Mara 28! Lakini mwalimu akatushika hapo: tazameni hesabu yenyewe. Ilikuwa kama 32 katika kila 100,000. Wengine wote walimaliza mazoezi yao wakawa basoda.

Na mwaka 2016 walitangaza hesabu nyingine, ya basoda weusi karibu 48,000. Wenye AS hawakufa kuliko wengine. Kuvunjika kwa misuli kulikuwa kungali zaidi kwao, nusu zaidi, lakini kufa, hapana. Damu ya watu haikubadilika katika miaka ile. Kilichobadilika ni amri: soda anywe maji kwa saa yake, apumzike kwa saa yake wakati wa joto, mwendo uanze polepole, na mtu akisema miguu inakataa, mazoezi yake yanasimama pale pale. Amri hizo ni kwa wote, si kwa mwenye AS tu, na sajenti mwenyewe anabanwa nazo.

Mwenzetu alikuwa amerudi siku ya mafundisho hayo, amekonda, amekaa mstari wa mbele. Aliposikia habari ya mwaka 2016 aliinua mkono. Tulifikiri atasema: basi, naweza kuingia. Alisema: "Mwalimu, kumbe ile inaua haiko damu. Ni ule anasema endelea."

Lokale ilinyamaza. Mwalimu alisema ni damu pia, hapana kudanganyana, lakini hakumkatalia.

Tangu hapo tumeisumbua sana habari hii ya nia. Tulikuwa tunasema roho inaushinda mwili, na tulikuwa tumelichukua neno la Getsemani, lile la roho na mwili, tukaligeuza kuwa fimbo. Mchungaji wetu, bila kutaja jina la mtu, alihubiri juma lile juu ya Eliya chini ya mti, amechoka mpaka anaomba kufa. Malaika hakumwambia ajikaze. Alimpa mkate wa moto na chupa ya maji, akamwacha alale, akamlisha tena, ndipo njia ya siku arobaini. Tulikuwa tumelisoma tangu Sunday school na hatukuona chupa ile. Msichana wetu alituangalia tu.

Tena tumeona jambo lingine, ambalo ni gumu kuliko la damu. Siku ile katika njia, nia ilikuwa ya nani? Ya mwenzetu ilikuwa imesema mara tatu, wazi. Alijua. Ile iliyomsukuma ilikuwa nia yetu, mikono minne mgongoni mwake, na haya ya bukari baridi. Na sisi tuliosukuma, tungekuwa peke yetu, tungetembea. Mmoja wetu amekubali sasa kwamba yeye pia aliona kizunguzungu katika kupanda na alifurahi, ndiyo, alifurahi, mwingine aliposema kuchoka kwanza. Kwa hiyo aliimba kwa nguvu kuliko wote.

Mwenzetu wa miwani amekwenda mwenyewe kwa mama munganga, ameungama habari ya karata ya herufi. Mama alicheka mpaka machozi, kisha akabadilisha karata. Sasa anasema atatafuta kazi ambayo miwani haikatazi, na kama jeshi litamtaka na miwani yake, watamkuta nayo usoni. Msichana angali anataka kwenda, zaidi ya mbele. Anataka kuwa munganga wa jeshi. Sisi wengine tunapima bado.

Na yeye? Baba yake amekataa, mama yake amekataa mara mbili. Dokta wa Likasi hakukataa wala hakukubali, alimwandikia karata yenye AS kwa wino mwekundu, akamwambia: "Popote utaenda, ku jeshi ao ku mugodi, onyesha hii kwanza. Hapana kuificha." Mwenzetu anasema ataionyesha. Kama watamrudisha nyumbani kwa karata hiyo, atarudi. Kama watamkubali, watamkubali wakijua. Tulimuuliza kama hilo halimuumizi, yeye mwenye babu wa Saïo. Alijibu: "Inaumiza. Lakini nilisha kujaribu kuficha kuchoka. Muliniona."

Babu yule wa Saïo, kumbe, alirudi kutoka Abisinia na miguu iliyovimba, na hakutembea vizuri tena maisha yake yote. Baba yake alimwambia hospitalini. Katika jamaa walikuwa hawaisimulii hiyo kwa watoto.

Ndugu wasomaji, mbio za posho zimeanza tena, kwa ruhusa ya Bwana Prefe. Tunatoka saa kumi na mbili kasoro robo mbele ya lokale ya kilasi ya nne, na kama jua limetoka kali hatufiki ziwani, tunageukia njiani. Kila mtu aje na chupa yake ya maji. Asiye na chupa, msichana wetu ana mbili. Aliye na homa juma hilo asije. Kutembea si neno. Mwenzetu hakimbii na sisi bado, dokta amemwambia angoje, lakini anatangulia kwa kinga ya mjomba wake mpaka pale penye kupanda, anakaa chini ya mti na saa mkononi. Akiinua mkono, wote tunasimama, na hakuna anayemuuliza sababu.

Mama munganga anapima Emmel siku ya tatu na ya tano, kisha masomo. Leteni ruhusa ya wazazi iliyoandikwa.